Siku Tatu Ziwani: Maandalizi ya Safari ya Familia Yenye Kijana wa Mahitaji Maalumu

Eneo la Ngaka, katika Wilaya ya Mbinga, lajulikana nchini kwa makaa yake ya mawe. Upande wa magharibi, nyuma ya milima ya Umatengo, liko Ziwa Nyasa. Barabara ya lami yenye urefu wa kilomita 66 hivi yateremka kutoka mjini Mbinga hadi Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Kwa familia nyingi safari ya kwenda huko ni jambo jepesi: huamuliwa jioni, na asubuhi watu wako njiani. Hata hivyo zipo familia ambazo hazijapata kwenda pamoja hata mara moja. Katika familia hizo mmoja wa watoto, aliyekwisha kufikia umri wa miaka 14 au 17, ana kifafa, au hatembei, au hasemi, au ngozi yake haina kinga ya jua. Desturi ni kwamba baba huondoka na watoto wengine, na mama au dada mkubwa hubaki nyumbani kumtunza huyo mmoja. Mwaka unaofuata hufanyika vivyo hivyo.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, wataja katika ibara yake ya 30 haki ya kushiriki katika mapumziko, michezo na matembezi. Mwaka 2010 Bunge lilipitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Haki hiyo, ili itimizwe katika nyumba moja ya Ngaka, yahitaji maarifa ya joto, usingizi, dawa, uzito na mchanga; na sehemu kubwa ya maarifa hayo imo tayari katika vitabu vya fizikia, baiolojia na jiografia vya shule za sekondari. Kosa linalovunja safari nyingi za namna hii ni moja tu. Wazee huanza kupanga kwa kutazama saa ya basi, kisha nyumba ya kulala wageni, kisha nauli, na mwisho hujiuliza kijana atavumiliaje. Mpango ulio salama hufuata mkondo ulio kinyume: huanza na mwili wa kijana na jinsi siku yake inavyokwenda, na saa ya basi huchaguliwa baadaye.

Majira ya kwenda

Likizo ya Juni ni ndefu, lakini haifai sana. Wakati huo kahawa yavunwa milimani na kila mkono wahitajika shambani. Tena ni majira ya pepo za kusi, ambazo huvuma kwa nguvu juu ya ziwa kuanzia Mei hadi Agosti na kuinua mawimbi makubwa. Desemba mvua imekwisha kuanza. Mapumziko mafupi ya Septemba ndiyo bora: pepo zimepungua, nchi ni kavu, na familia nyingi zimekwisha kupata fedha za kahawa. Oktoba ina kasoro yake. Mbamba Bay iko karibu na latitudo ya nyuzi 11 Kusini, kwa hiyo jua la mchana hupita utosini pale karibu na tarehe 22 Oktoba na tena karibu na tarehe 19 Februari. Mwalimu wa jiografia anaweza kuwapa wanafunzi wake kazi ya kuthibitisha tarehe hizo kwa kutumia mwinamo wa jua. Kwa kijana mwenye ualbino hesabu hiyo ni sehemu ya maandalizi ya safari.

Mji wa Mbinga uko kwenye mwinuko wa mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari; uso wa ziwa uko kwenye mita 475 hivi. Kwa wastani joto la hewa huongezeka kwa nyuzi 6.5 za Sentigredi kila mtu anaposhuka mita 1,000. Hivyo familia inayoshuka hadi ufukweni, hata kama hali ya mawingu haikubadilika, hukuta hewa yenye joto zaidi kwa nyuzi 5 au zaidi. Mtu mzima mwenye afya hutoa jasho na kusahau. Kijana aliyepooza kwa sababu ya kuumia uti wa mgongo hatoi jasho katika sehemu ya mwili iliyo chini ya jeraha, naye aweza kupatwa na joto kali la mwili akiwa ameketi kimya kivulini. Kijana asiyesema hawezi kudai maji. Kwa hao maji hutolewa kwa saa na kikombe kinachojulikana ujazo wake. Haifai kungoja kiu.

Kuhusu ualbino, baridi ya milimani imewadanganya wengi. Mionzi ya jua inayoharibu ngozi haina uhusiano na joto linalohisiwa; kwa kweli mionzi hiyo huongezeka kadiri mtu anavyopanda juu, kwa sababu hewa ya kuichuja hupungua. Kwa maana hiyo kushuka ziwani kungekuwa nafuu kidogo, lakini nafuu hiyo hufutwa na ufukwe wenyewe. Milimani kuna migomba na miti ya vivuli. Ufukweni mchanga mweupe hurudisha sehemu ya mionzi juu, nayo humfikia mtu hata akiwa chini ya kofia. Mawingu mepesi huipitisha sehemu kubwa. Kwa hiyo kijana huyo hupangiwa ufukwe kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa kumi alasiri, akiwa na mikono mirefu, kofia pana na mafuta ya kukinga jua, kama yale ya Kilisun ambayo yametengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino wa nchi hii. Jambo linalosahaulika ni macho. Wengi wao hawaoni mbali vizuri, na mng'ao wa maji huwazidishia taabu. Mama aliye umbali wa mita 40 ufukweni ni kivuli tu. Familia hukubaliana mahali pamoja pa kukutania, penye kitambaa cha rangi kali kilichofungwa juu ya mti.

Kifafa na hesabu ya dawa

Hakuna hali inayoogopesha familia kwenda ziwani kuliko kifafa, na hofu hiyo ina sababu. Sehemu yake nyingine, hata hivyo, ni ya kale na haina msingi. Katika miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, katika Wilaya ya Ulanga. Aliwakuta wagonjwa wametengwa, wakila peke yao, kwa kuwa iliaminika kwamba mate ya mgonjwa aliyeanguka huambukiza. Kwa imani hiyo watu walimkimbia mgonjwa wakati alipohitaji mkono wa mtu, na ndiyo maana wengi walikuwa na makovu ya moto, na wengine walikufa maji. Vidonge vya phenobarbitoni viliwarudisha wengi wao shambani na mezani. Daktari huyo aliandika pia juu ya watoto waliotikisa kichwa mbele na nyuma kana kwamba wanasinzia, hasa wakati wa kula. Hali hiyo imechunguzwa sana katika miaka ya karibuni, na tafiti nyingi zimeihusisha na ugonjwa wa usubi, ingawa namna inavyotokea haijaelezwa kikamilifu. Mkoa wa Ruvuma nao una mito ya kasi ambamo nzi wa usubi huzaliana. Mwalimu anayemwona mwanafunzi akisinzia namna hiyo mbele ya sahani ya chakula asimwadhibu kwa uvivu, ampeleke hospitali.

Mate hayaambukizi kifafa. Jambo hili lapaswa kusemwa waziwazi kwa ndugu wote watakaosafiri, wakiwamo watoto wadogo, kabla ya siku ya safari.

Jambo la pili ni dawa. Wanafunzi waliosoma unururifu wanajua maana ya muda wa kupungua nusu. Kanuni hiyohiyo yatawala dawa iliyo ndani ya damu. Kwa mtu mzima phenobarbitoni huchukua siku 4 hivi kupungua nusu. Kijana akisahau kidonge cha siku moja, hubakiwa na sehemu 84 hivi katika 100 za kiasi chake cha kawaida. Lakini vidonge vikiachwa mezani Ngaka na familia ikakaa ziwani siku 3, hubaki sehemu 60 hivi katika 100, na kuiacha dawa hii ghafla ni hatari yenyewe. Dawa ya kabamazepini, kwa mtu aliyekwisha kuizoea, hupungua nusu kwa muda wa saa 15 hivi. Kwa siku 3, yaani saa 72, kiasi hicho hugawanyika nusu karibu mara 5, na kinachobaki hakifiki sehemu 4 katika 100. Huyo yu karibu sawa na mtu asiyetumia dawa kabisa. Miili ya vijana, tena, mara nyingi huyeyusha dawa haraka kuliko ya watu wazima, kwa hiyo hesabu hizi zichukuliwe kuwa za upole.

Kutokana na hayo kanuni ya mizigo ni rahisi. Dawa ya siku 3 hubebwa kwa siku 6, ikigawanywa mafungu mawili yaliyo katika mifuko ya watu wawili tofauti, kwa maana mfuko mmoja waweza kuibiwa stendi au kulowa maji mtumbwini. Karatasi ya kliniki yenye jina la dawa na kipimo chake huandamana na kila fungu. Saa ya kumeza haibadilishwi kwa sababu ya safari. Wala dawa isiongezwe "kwa ajili ya tahadhari": kuzidisha phenobarbitoni humletea kijana usingizi mzito na kuyumba, na mtu anayeyumba juu ya mawe ya ufukweni hakuongezewa usalama wowote.

Kisha kuna usingizi, ambao huenda ndio uharibifu mkubwa unaofanywa na ratiba ya basi. Kukosa usingizi ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana sana vya kuanguka. Familia inayotaka kupanda gari la saa kumi na moja alfajiri huamka saa nane usiku. Watoto, kwa furaha, hawakulala hadi saa nne. Kijana hufika Mbamba Bay akiwa amelala saa 4 tu, amesafiri njia ya kona nyingi, amepoteza maji kwa jasho, na jambo la kwanza analoonyeshwa ni ziwa. Mtu aliyetaka kuandaa mshtuko wa kifafa majini asingeweza kupanga vizuri zaidi. Gari la saa tatu asubuhi, au gari lililokodiwa kwa kushirikiana na jirani, laweza kugharimu zaidi. Lakini saa 8 za usingizi ni sehemu ya matibabu. Siku ya kwanza haiwi siku ya kuoga ziwani. Ni siku ya kufika, kula, kumeza dawa na kulala ndani ya chandarua.

Majini

Mwaka 2008 watafiti wa London walikadiria kwamba mtu mwenye kifafa yumo katika hatari ya kufa maji mara 15 hadi 19 kuliko watu wengine. Ziwa Nyasa lina kina kinachozidi mita 700 katika sehemu zake za chini kabisa, na penye miamba maji huweza kuwa marefu hatua chache tu kutoka ukingoni. Je, kijana huyo akatazwe maji kabisa? Ikiwa bado huanguka mara kwa mara, jibu ni kwamba maji yasipite magoti, na daktari aulizwe. Ikiwa ametulia kwa dawa, anaweza kuoga kwa masharti ambayo hayajadiliwi upya ufukweni: mahali pa mchanga penye mteremko mdogo, maji yasiyopita kiuno, na mtu mzima mmoja anayejua kuogelea, aliye ndani ya maji pamoja naye kwa umbali wa mkono. Neno "mmoja" lina uzito. Penye watu wazima 6 wanaotazama kwa pamoja, kila mmoja hudhani mwenzake anatazama. Mtu mwenye zamu hufunga kitambaa mkononi, na anapochoka humvalisha mwingine kitambaa hicho kwa mkono wake na kumwambia.

Mshtuko ukitokea majini, mtu huyo hushika kichwa cha kijana kutoka nyuma na kuweka uso wake juu ya maji. Asihangaike kumzuia kutikisika. Mtikisiko ukipungua humvuta hadi nchi kavu, na kumlaza ubavu ili maji na mate yatoke. Kama hapumui, huanza mara moja kumpulizia pumzi na kukandamiza kifua, huku wengine wakitafuta gari. Hata akizinduka na kusema yu mzima, hupelekwa hospitali, kwa maana maji kidogo yaliyoingia mapafuni huweza kumdhuru saa kadhaa baadaye. Nchi kavu taratibu ni nyepesi zaidi: vitu vigumu huondolewa karibu naye, kitambaa huwekwa chini ya kichwa, hulazwa ubavu, na saa hutazamwa. Hakuna kijiko, kijiti wala kidole kinachotiwa kinywani. Mshtuko ukipita dakika 5, au wa pili ukifuata kabla hajarudiwa na fahamu, ni safari ya hospitali. Kwa sababu hiyo mahali pa kulala huchaguliwa kwa kutazama hospitali. Mwambao huu una hospitali ya Kanisa la Anglikana pale Liuli, kaskazini mwa Mbamba Bay. Na familia huuliza mapema kituo kilicho karibu zaidi na nyumba ya wageni, pamoja na gari litakalopatikana usiku.

Jioni kuna moto. Samaki huchomwa ufukweni, watu huketi kuuzunguka, na hapo ndipo macho ya walinzi hulegea. Kijana mwenye kifafa hukaa umbali unaozidi urefu wake mwenyewe kutoka kwenye makaa, ili akianguka upande wowote asiufikie moto. Kipimo hicho chaeleweka hata na mtoto wa darasa la tatu.

Yapo mambo mengine ya maji yanayowahusu watu wote. Wenyeji huulizwa juu ya mamba, hasa karibu na midomo ya mito, na sehemu tulivu zenye matete huepukwa kwa kuwa ndiko wanakoishi konokono wa kichocho. Kijana mwenye selimundu asijitose ghafla katika maji ya baridi wakati wa pepo, kwani baridi na upungufu wa maji mwilini huweza kumletea maumivu makali.

Kijana anayeishi kwa utaratibu

Kijana mwenye usonji, na mara nyingi yule mwenye ulemavu wa akili, huitegemea siku inayofanana na jana. Akijua kwamba baada ya uji ni kufagia, na baada ya kufagia ni kuchota maji, dunia yake imetulia. Safari huvunja ngazi zote hizo kwa pamoja. Watu wanaomwona akipiga kelele stendi husema hana adabu. Kwa kweli ameondolewa sakafu aliyosimama juu yake. Dawa ya hali hii haiuzwi dukani. Wiki mbili kabla, huonyeshwa picha zilizochorwa kwa kalamu ya risasi, kila moja kwenye kipande cha karatasi ngumu: gari, milima, nyumba ya kulala, ziwa, sahani ya samaki, gari tena, nyumbani. Picha ya mwisho isisahauliwe. Vijana wengi hawaogopi kwenda, ila huogopa kwamba hakuna kurudi. Kila hatua inapomalizika, picha yake hugeuzwa. Siku ya soko hupelekwa stendi ya Mbinga kwa saa moja tu, huketi ndani ya basi lililosimama, kisha hurudi nyumbani. Katika mfuko wake hubebwa vitu vya kila siku: kikombe kilekile, shuka lilelile, na chakula anachokubali, maana si kila mtu atakula usipa siku ya kwanza kwa sababu wazee wamesema ni mtamu.

Hatari kubwa ya kundi hili ni kutoroka, na wengi wao huvutwa sana na maji. Kwa hiyo chumba chenye mlango unaotazama ziwa, ambacho wageni wengine hulipa zaidi kukipata, hakifai. Namba ya simu ya mzazi hushonwa ndani ya kola ya shati, na mwenye nyumba ya wageni pamoja na wavuvi wa jirani huelezwa tangu siku ya kwanza. Wazazi wengine huona aibu kueleza. Wavuvi, hata hivyo, ndio walio ufukweni kabla ya mapambazuko.

Kiti, mchanga na choo

Chukua kijana wa kilo 50 aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu cha kilo 20. Uzito wao ni nyutoni 700 hivi. Ikiwa kila gurudumu jembamba lagusa ardhi kwa sentimita 10 za mraba, magurudumu 4 hugusa sentimita 40 za mraba, na shinikizo lapata paskali 175,000. Mtu wa kilo 60 aliyesimama kwa nyayo mbili hukandamiza mchanga kwa shinikizo lililo karibu sehemu ya kumi ya hilo. Ndiyo maana kiti huzama mahali ambapo wasukumaji wake hawazami. Magurudumu madogo ya mbele ndiyo yanayochimba; kiti kikigeuzwa, kikainamishwa nyuma kidogo na kuvutwa kinyumenyume, mzigo huhamia kwenye magurudumu makubwa. Mbao mbili zilizobebwa juu ya gari hufanya kazi nzuri zaidi. Mchanga ulio mbichi karibu na maji ni mgumu kuliko ule mkavu wa juu, kwa sababu utando wa maji kati ya chembe huzivuta pamoja. Njia ya kiti basi hupita chini, karibu na maji, ambapo wengi hudhani ni pabaya.

Kumbeba mtoto wa miaka 6 na kumbeba kijana wa miaka 16 ni mambo mawili. Mama aliyemzoea mgongoni hachoki kwa siku moja. Huumia uti wa mgongo wake kwa miaka. Watu wawili humwinua kwa shuka imara, magoti yakiwa yamekunjwa. Ndani ya gari huinuliwa au huegemezwa upande mwingine kila nusu saa, kwani ngozi inayokandamizwa mahali pamoja hukosa damu, na kidonda kilichoanza kwa safari ya nusu siku chaweza kuchukua miezi kupona.

Lakini jambo linalokatisha safari nyingi, na ambalo watu wazima hulitaja kwa sauti ya chini, ni choo. Nyumba nyingi za wageni zina choo cha kuchuchumaa. Kijana asiyeweza kuchuchumaa huacha kunywa maji ili asiombe kupelekwa. Kwa joto la ziwani huo ni mwanzo wa ugonjwa. Fundi seremala wa Ngaka aweza kutengeneza kigoda chenye tundu katikati na mikono miwili ya kushikilia, chenye kimo cha goti, kwa nusu siku. Kwa msichana, vifaa vya hedhi na mtu wa kike atakayemsaidia hupangwa pia, naye huulizwa ni nani angependa awe mtu huyo.

Kuulizwa huko ndiko kunakotofautisha kijana na mtoto. Mwenye miaka 15 ana haya, ana marafiki, na hapendi ndugu wa mbali wasimuliwe jinsi alivyoanguka mwaka jana. Yafaa achague mwenyewe jambo moja la kila siku, hata kama ni kwa kuonyesha picha kwa kidole. Mmoja atataka kutazama samaki wa rangi wanaoishi kwenye mawe, maana ziwa hili lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lingine lolote duniani, na wengi huonekana kwa macho bila kuingia majini. Mwingine atataka kufika Liuli, ambako kuna mwamba uliowafanya Wajerumani kuiita bandari yao Sphinxhafen, na ambako mnamo Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imevutwa nchi kavu. Haya ni mapigano ya kwanza ya majini ya Vita Kuu ya Kwanza katika ziwa hili, na kijana wa kiti cha magurudumu aweza kuyasikiliza vizuri kabisa akiwa chini ya mwembe.

Linabaki suala la dada mkubwa. Katika nyumba nyingi msichana wa miaka 17 au 18 ndiye muuguzi asiyetajwa. Akipelekwa ziwani ili kumtunza mdogo wake kwa siku 3, hakuwa na mapumziko. Alihamishwa kituo cha kazi. Zamu huandikwa kwenye karatasi kabla ya kuondoka, nusu siku kwa nusu siku, na jina la baba likiwamo. Palipo na nafasi, mjomba au shangazi mmoja huombwa kufuatana nao, na nauli yake huingizwa katika hesabu tangu mwanzo, pamoja na nauli ya nafasi ya pili kwa kijana anayehitaji kulala kitini. Familia isiyoweza kumudu siku 3 yaweza kwenda siku 2 kwa mpangilio huohuo. Kupunguza siku ni afadhali kuliko kupunguza mtu wa zamu.

Siku inayofuata kurudi huachwa wazi, bila shamba wala shule ikiwezekana, ili usingizi urudi mahali pake. Vidonge vilivyobaki katika mafungu yote mawili huhesabiwa: vikizidi hesabu, kuna dozi iliyosahauliwa, na karatasi ya zamu itaonyesha ni ya wakati gani. Kwa kuwa mbu wa malaria ni wengi zaidi mwambao kuliko milimani, na vimelea huchukua siku 7 au zaidi kabla ya kuleta homa, kijana akishikwa na homa wiki ya pili au ya tatu baada ya safari hupelekwa kupimwa siku hiyohiyo, na mhudumu wa afya huambiwa kwamba alilala ziwani, kwa sababu homa nayo humwangusha mwenye kifafa.